Maiti za Caffa: Nani Aliziona?

Silaha za vijidudu zikizungumzwa, mji mmoja hautaachwa kutajwa: Caffa, bandari ya Crimea ambayo leo ni Feodosia. Mwaka 1346, tunasimuliwa, jeshi la Wamongolia lililouzingira mji huo lilivamiwa na tauni. Likachukua maiti zake, likazirusha ndani ya kuta kwa mitambo ya kurushia mawe. Wafanyabiashara wa Genoa wakakimbilia merikebuni, nao wakaipeleka tauni Ulaya. Nimekikuta kisa hiki katika kitabu baada ya kitabu, karibu kwa maneno yaleyale. Ni nani aliyeshuhudia?

Nikaanza kurudi nyuma, rejeo kwa rejeo. Njia zote ziliishia kwa mtu mmoja: karani wa mikataba wa Piacenza, kaskazini mwa Italia, aliyeandika kwa Kilatini. Mwanazuoni aliyeyachapisha masimulizi yake mwaka 1842 aliamini kwamba karani huyo alikuwa ndani ya merikebu zile. Hakuwamo. Mikataba aliyoiandika miaka hiyohiyo inamweka kwao Piacenza, kazini. Basi aliyapata wapi?

Huenda kwa mabaharia, na habari ya kusikia si lazima iwe uongo. Maiti ya mgonjwa wa tauni inaweza kumwambukiza anayeibeba, hasa mwenye jeraha mkononi. Kwa hiyo siwezi kukifuta kisa. Lakini viroboto huuhama mwili uliopoa, na tauni ilifika Messina, Sicily, Oktoba 1347. Wakimbizi wagonjwa wangekaaje baharini muda wote huo wakiwa hai? Utafiti wa karibuni unaelekeza macho kwenye nafaka: biashara ya Bahari Nyeusi ilifunguliwa tena mwaka 1347, na shehena zikasafiri na panya na viroboto wao. Je, vita vimebebeshwa kazi ya biashara?

Mwaka 1377 wakuu wa Ragusa, Dubrovnik ya leo, waliamuru watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Hawakungoja kujua kama ugonjwa umeletwa na adui au na shehena. Sisi je, tunangoja nini?

Mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku silaha za vijidudu ulianza kutumika mwaka 1975, na mpaka leo hauna utaratibu wa ukaguzi. Lushoto, Tanzania, tauni ilizuka mwaka 1980 ikawa inarudi tena na tena, bila mtu kuirusha. Iwe ya panya au ya adui, mgonjwa wa kwanza atapokewa na tabibu wa zahanati. Sampuli atakayoichukua usiku huo itafika maabara lini?