Msidharau Maua ya Kina Mama

Kuna watu bado wanadhani siasa ni ya wanaume wenye maikrofoni. Wacha niwapeleke Telangana, kusini mwa India.

Kila mwaka, Septemba au Oktoba, wanawake Wahindu wa huko hupanga maua ya porini kama tangedu na gunugu, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanakaa kama mnara wa hekalu. Hiyo ndiyo Bathukamma. Kwa Kitelugu, "bathuku" ni uhai, "amma" ni mama. Siku 9 wanayazunguka wakiimba na kupiga makofi, kisha wanayaachilia majini.

Sasa cheki historia. Mwaka 1956 Telangana iliunganishwa na Andhra. Watu wakalalamika: kazi wananyimwa, maji wanapunjwa, hata lafudhi yao inachekwa. Mwaka 1969 wanafunzi waliandamana, wengi wakapigwa risasi. Vuguvugu lilipowaka tena miaka ya 2000, wanawake walitoa Bathukamma uani wakaileta barabarani. Duara la nyimbo likageuka maandamano. Tarehe 2 Juni 2014 Telangana ikawa jimbo, na mwaka huohuo Bathukamma ikatangazwa sikukuu ya jimbo.

Si ati maua peke yake yalishinda. Bunge lilipiga kura, na kuna waliokufa. Lakini watu hawapiganii mahali wasipopakumbuka, na hiyo kumbukumbu ilitunzwa na kina mama.

So nyanya yako akianza kuimba, usiweke earphone. Muulize maneno yana maana gani.