Mwongozaji wa filamu za uhalisia wa kijamii kama mtunzi

Uhalisia wa kijamii ni mkondo wa filamu unaoonyesha maisha ya watu wa kawaida, hasa wavujajasho, katika mazingira yao halisi: kazi, kodi ya nyumba, foleni ya hospitali, ugomvi wa ardhi. Kwa muda mrefu imebishaniwa kama mwongozaji wake ahesabiwe mtunzi, kwa maana iliyoenezwa na François Truffaut katika jarida la Cahiers du cinéma mwaka 1954, kwamba filamu hubeba mkono wa mwongozaji kama riwaya inavyobeba mkono wa mwandishi. Wanaokataa husema anayeonyesha hali ilivyo hatungi, anashuhudia tu. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa hali haijipigi picha yenyewe.

Barani Afrika jibu lilitolewa mapema. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya kabla hajashika kamera, na alihamia kwenye filamu ili awafikie wasiosoma Kifaransa. Katika Mandabi (1968), iliyozungumzwa Kiwolofu, mzee mmoja anapokea hawala kutoka Paris, kisha anazungushwa ofisi hadi ofisi kwa kukosa kitambulisho. Usumbufu huo kila mtu anaujua. Kuufanya uwe filamu nzima ni uamuzi wa Sembène.

Nchini Tanzania mfano ulio wazi ni Amil Shivji. Filamu yake fupi ya Shoeshine (2013) inamfuata mpiga viatu rangi wa Dar es Salaam. T-Junction (2017) inamkutanisha Fatima, aliyefiwa na baba, na Maria, ambaye hospitalini anamsimulia habari za watu wa njiapanda. Vuta N'Kuvute (2021), iliyotwaa tuzo ya Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Carthage mwaka 2022, inatokana na riwaya ya Adam Shafi, na muswada wake Shivji aliuandika pamoja na Jenna Bass. Kisa si chake peke yake, lakini mkono ni uleule: Yasmin na Denge katika Zanzibar ya kikoloni wanatazamwa kama Fatima na Maria, kwa kuwafuatilia wanyonge wanaoanza kuvuka mipaka ya rangi na tabaka.

Ugumu halisi uko kwenye kazi za pamoja. Nairobi Half Life (2012) iliongozwa na Tosh Gitonga, lakini ilizaliwa kwenye warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, na muswada wake uliandikwa na watu kadhaa. Hapo utunzi ni wa kundi, na kumpa Gitonga sifa zote kungekuwa kuwadhulumu wenzake.

Nguvu ya mwongozaji hujitokeza zaidi wanaoonyeshwa wanapolalamika. Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper, Mwaustria, ni filamu ya matukio halisi, jirani wa karibu wa mkondo huu. Iliweka pamoja minofu ya sangara inayosafirishwa Ulaya kutoka Mwanza, mapanki (vichwa na mifupa) yanayobaki, na ndege za mizigo zinazohusishwa na silaha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani. Sehemu kubwa ya ubishi ilihusu maana iliyotokana na kuziweka picha hizo pamoja, na huko kuziweka pamoja ndiko kutunga.

Kutunga huko kunaonekana hata kwenye filamu ya kufikirika. Chukua kaya moja ya wakulima wa Ndandalo, kata ya Wilaya ya Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wilaya ya mpunga na kakao. Wahusika wazungumze Kinyakyusa nyumbani na Kiswahili kwenye chama cha ushirika, au Kiswahili mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya soko la Dar es Salaam? Kamera ikae uani, mama akigeuza kakao iliyoanikwa huku akitazama mawingu, au ghalani kwenye mzani? Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo, kisha anasubiri mnada na malipo. Mhariri wa filamu za mapigano angekata siku hizo za kusubiri. Mwongozaji wa uhalisia anaweza kuzifanya kiini cha kisa, na waongozaji wawili wakikabidhiwa kaya hiyohiyo, mmoja atarudi na filamu ya bei, mwingine na filamu ya ndoa.