Kle ya 13 na bulo ya nusu inchi

Leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea, wenye walinizoea mnisamehe. Nataka tuongee juu ya bulo. Ile bulo ya motere yenye fundi anaweka kle, anavuta, jasho inatoka, na yenyewe iko tu pale sawa jiwe. Mu garaji wanasema: imegripa. Wengi kati yetu, tukiona vile, tunasema ni kutu, basi. Mimi nasema kutu ni nusu ya habari. Nusu ingine ni historia, na ile historia inaanzia London.

Karibu na mwaka 1800, fundi moja Mwingereza, Henry Maudslay, alitengeneza mashine ya kukata filetaji, ndiyo zile nyuzi zinazozunguka bulo, kwa kipimo chenye hakibadiliki. Mbele ya pale, kila bulo ilikuwa na ekuru yake, sawa vile kila kufuli na ufunguo wake. Ukichanganya bulo za mashine mbili mu sahani moja, umepoteza siku nzima. Lakini hata kisha Maudslay, kila atelye ilibaki na kipimo chake. Mtu mwenye alifanya kazi kwake, Joseph Whitworth, njo alileta wazo mu 1841: alikusanya bulo za viwanda mbalimbali vya Uingereza, akapima, akachukua wastani, akasema tangu leo nyuzi zote ziwe na pembe ya digri 55, na kila unene wa bulo uwe na idadi yake ya nyuzi kwa inchi moja. Reli zilikubali, viwanda vikafuata. Kwangu mimi ile ni kazi kubwa kushinda mashine mingi zenye tunasifia mu vitabu. Hakuvumbua kitu kipya. Alifanya watu wapatane.

Tu, walipatana Waingereza. Mu 1864, pale Philadelphia, William Sellers, mwenye kiwanda cha mashine, alisimama mbele ya wenzake wa Franklin Institute akasema digri 55 ni ngumu kupima na ncha ya mviringo ya Whitworth ni ngumu kutengeneza. Afazali digri 60 na ncha bapa, yenye fundi wa kawaida anaweza kukata pasipo shida. Marekani ikashika ile. Upande wa Ulaya bara, wenye walikuwa tayari kwa mita, walikutana Zürich mu 1898 na kukubaliana filetaji ya milimita, nayo ya digri 60. Mwaka ule ule 1898 reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilimalizika, yenye iliua wafanyakazi wengi wa kwetu na wa inchi zingine za Afrika. (Samahani, "nchi"; mnaona vile kipimo kinaingia mpaka mu kinywa.) Sisi hatukuwa Zürich, wala Philadelphia. Lakini mashine za wale wote zilikuja kwetu: za Wabelgiji mu milimita, za Waingereza na Waamerika mu inchi. Mabishano yao yalishukia mu masanduku ya kle ya wababu zetu.

Vita ya pili ya dunia njo ilionyesha bei yake. Uingereza na Marekani walipigana upande moja, na bulo zao hazikuingiliana, juu digri 55 haikubali 60. Motere ilikuwa inangoja kipande chenye kilitoka ngambo ingine ya bahari na kilipofika, hakifungi. Tarehe 18 Novemba 1948, Uingereza, Marekani na Kanada walitia sahihi pale Washington filetaji moja ya pamoja: digri 60, lakini bado inchi. Kisha, mu 1965, Uingereza yenyewe ilianza kuhamia milimita. Kwa hiyo jipe ya Kiingereza ya miaka ya 1950 mpaka 1970 inaweza kuwa na bulo za vizazi viwili ao vitatu ndani ya kapo moja. Haikuandikwa popote juu ya mlango.

Sasa nieleze juu gani ile inatuhusu. Tuko na kikundi cha wakulima upande wa Walungu, mimi niko nawafuata kwa mambo ya mbegu. Wana jipe moja ya zamani ya Kiingereza, yenye inashusha makabichi na viazi Bukavu. Mwaka uliopita pompi ya maji ilianza kuvuja, motere inachemka kila mupando. Pompi mpya ilipatikana, ya okazio. Kazi ilikuwa kufungula bulo za ya zamani, kubadilisha, kufunga. Ilikuwa siku mbele ya soko, makabichi yalikuwa yamekatwa tayari, na feza yake ilikuwa ya minerval ya watoto, muhula ulikuwa unaanza. Bulo zote zilitoka isipokuwa moja ya chini. Kichwa chake kilikuwa tayari kimekuwa mviringo: mkono fulani, siku fulani, garaji fulani, ulikuwa umeweka kle ya 13.

Angalia hesabu. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kle ya 13 inaingia vizuri kabisa, unasikia hata raha. Lakini kuna nafasi ya milimita 0.3, na ile nafasi njo inakula pembe. Kle haishiki tena ubavu wa kichwa, inashika ncha tu, na ukivuta kwa nguvu ncha zinakunjika. Kinyume chake, kle ya 19 juu ya kichwa cha robo tatu inchi, yaani 19.05, inakaa karibu sawasawa, juu ile ni tofauti ya unywele. Fundi mwenye hajui anasema: "Lakini juzi ilikubali!" Ndiyo, juzi ilikuwa 19. Na kuna mtego ingine: kle za zamani za Whitworth, namba yenye iko juu yake ni ya unene wa bulo, haiko ya upana wa kichwa. Kle iliyoandikwa 1/2 ya mtindo ule ni kubwa mbali kuliko kle ya 1/2 ya Kiamerika. Namba ni moja, vitu ni viwili.

Fundi mwenye tulimwita ni mzee, wote wanamwita Papa Fundi. Alitazama kichwa, akagusa na kidole, akasema: "Hii haikuharibika na kutu, iliharibika na haraka." Kijana mwenye alikuwa na bare ya chuma tayari mu mkono akaambiwa akae kwanza.

Kuhusu kutu sasa, hapa niko mu mambo yangu. Chuma ikikutana na maji na hewa inageuka oksidi, na ile oksidi inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma yenye ilikula. Kati ya nyuzi za bulo hakuna nafasi, basi inajibana, inakuwa sawa simenti. Wenye walisoma agronomia nami wanajua familia ile: udongo wetu mwekundu wa Kivu ni mwekundu juu ya oksidi za chuma, na zile zinashika fosforasi ya mbolea mpaka mmea unakosa kuichukua. Unaweka mbolea, unalipa, nayo inabaki imefungwa. Pompi ya maji ni mahali pabaya zaidi, juu maji ya moto iko inapita pale pembeni miaka yote. Na kama bulo ya chuma inaingia mu aluminyumu, sawa kilasi za motere nyingi za leo, ni shida ingine: metali mbili tofauti na maji yenye chumvi vinafanya kama pile ndogo ya umeme, na ile aluminyumu inaliwa.

Papa Fundi alianza na degripa, akaacha isaa moja. Watu wanaamini sana chupa. Ile maarufu kushinda zote, WD-40, ilitengenezwa San Diego mu 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye vyuma vya roketi. Jina lake linasema vile, kufukuza maji, jaribio la 40. Inasaidia, lakini kutu yenye imekuwa simenti haitaki kubembelezwa tu.

Dawa ya kweli ni moto. Mu 1895 Henry Le Chatelier, Mfaransa, alionyesha kwamba asetileni ikichomwa na oksijeni inapita digri 3000, na miaka michache kisha, mwanzoni mwa 1900, Wafaransa wakapata shalumo yenye mtu anaweza kushika mkononi. Gazi yenyewe inatoka kwa karbire na maji, kitu chenye masudere wa kwetu wanafanya mu pipa pembeni ya barabara. (Karbire ile ile kuna wenye wanaivishia ndizi. Siku ingine nitaandika juu yao, na sitaandika vizuri.)

Alipasha ile mahali bulo inaingia, hakupasha bulo. Chuma ya inje ikivimba, tundu linapanuka, simenti ya kutu inapasuka. Kisha akagusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikanywewa ndani. Akapiga kichwa na nyundo, mapigo mafupi. Akasudia ekuru mpya juu ya kile kichwa cha mviringo, kle ikapata tena pembe sita. Na kwanza hakufungula: alikaza kidogo. Kijana akacheka. Mzee akamwambia: "Mwanangu, mlango wenye umekwama unausukuma kwanza, kisha unauvuta." Alifanya vile mara tatu, moto, nta, nyundo, kwenda na kurudi. Saa kumi ya mchana bulo ililia, ile sauti kama ya panya, ikageuka robo.

Makabichi yalifika soko kesho yake, mchana badala ya asubuhi, yakauzwa kwa bei ya kutupa. Minerval ilitoka, haikutosha kwa wote. Kama bulo ingekatikia ndani ya bloki, ingebidi kutoboa na kutengeneza filetaji upya, na jipe ingelala wiki mbili.

Mu mji, magari karibu yote sasa ni ya Japani, milimita kila mahali, na mafundi wa umri wetu wengi hawajashika kle ya inchi hata siku moja. Lakini mu vijiji, kwenye vinu, trakta na jenereta za zamani, inchi iko bado. Kama mko na motere ya kikundi ao ya familia, mbele ya kuweka kle tazameni kichwa cha bulo: mkisoma 8.8 ao 10.9, ni milimita. Mkiona mistari mitatu ao sita inayotoka katikati, ni inchi ya Kiamerika. Kama hakuna alama hata moja, chukua pieakulisi upime, haichukui hata dakika moja.