Hofu ya Keneli

Saa nane za usiku skrini ya kompyuta yangu iligeuka nyeusi, ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba keneli imepatwa na hofu: haioni diski. Ndani ya diski hiyo kulikuwa na mahojiano 14 ya tasnifu yangu ya uzamili, na mzee mmoja kati ya niliowahoji alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Hofu hiyo ina historia. Unix ilianza Bell Labs mwaka 1969. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi kwenye mfumo wa Multics, alisimulia kwamba alimwambia Dennis Ritchie kuwa nusu ya kodi anayoiandika ni ya kujinasua na makosa. Ritchie akajibu kuwa wao waliyaacha yote hayo: likitokea kosa, utaratibu uitwao hofu unaizima mashine, na mtu anapiga kelele koridoni iwashwe upya.

Linus Torvalds naye hakusalimika. Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, alitangaza mfumo wake mpya. Baadaye, akitaka kuunganisha modemu na chuo, alielekeza amri ya kupiga simu kwenye diski, akaiharibu Minix, mfumo aliokuwa akiutumia kuijengea Linux. Badala ya kuirudisha Minix, akaamua kuongeza kwenye Linux kile kilichokosekana.

Mimi nilitaka tu keneli nyepesi kwa kompyuta yangu kuukuu. Nikapunguza hiki na kile, nikakiondoa hata kiendeshi cha diski. Kisha, kuokoa nafasi, nikafuta keneli ya zamani.

Alfajiri nilimgongea jirani wa hosteli, akaniazima flashi yenye Linux. Kompyuta ikawaka kutoka kwenye flashi, na diski ikafunguka bila shida. Haikuwa imekufa, keneli yangu ndiyo iliyokuwa kipofu. Kabla ya kutengeneza chochote nilinakili mahojiano yote. Ndipo nikaingia kwenye mfumo wangu kupitia flashi, nikasimika keneli ya kawaida, nikaandika upya menyu ya kuwashia.

Faili la kwanza nililolifungua lilikuwa la yule mzee. Anakohoa, anauliza, "Mjukuu wangu, kinarekodi?" Nasikika nikijibu, "Ndiyo, babu," kwa uhakika ambao sikustahili kuwa nao.

Sasa nakala ziko sehemu tatu, na keneli ya zamani siifuti mpaka mpya iwe imewaka.