Kabla ya kusaini PV: haki za shahidi, mhanga na mshukiwa mbele ya polisi

Mjini Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge ao Alunguli, watu wengi wanajibu maswali ya polisi kwa Kiswahili. Lakini majibu yao yanaandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya serikali, katika prosevebali (PV). Karatasi hiyo ndiyo parke na tribinali wanasoma. Neno likigeuka njiani, shahidi anaonekana muongo, na mshukiwa anaonekana amekubali kosa.

Kwa hiyo OPJ mwenye kujua kazi yake hana haraka. Anamuacha mtu aeleze yote bila kumkatiza, kisha anauliza: "Nini kilifuata?" Swali kama "Alikuwa na panga, si ndiyo?" linamtilia shahidi jibu mdomoni.

Mshukiwa: Kipengele cha 18 cha Katiba ya 2006 kinataka aambiwe sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa. Polisi haiwezi kumshikilia zaidi ya saa 48. Kipengele cha 19 kinamruhusu kuwa na avoka tangu uchunguzi wa polisi. Kumpiga ili akubali kosa ni mateso, na sheria ya Julai 2011 inayaadhibu.

Mhanga wa ubakaji: Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inataka parke ijulishwe ndani ya saa 24, na mhanga asaidiwe na avoka wakati wa uchunguzi.

Kabla ya kusaini, omba PV isomwe kwa Kiswahili. Kama kuna jambo hukusema, omba lirekebishwe kwanza.