Katambuga: Usanifu wa Mtaani

Kama vile mchoraji marehemu Edward Saidi Tingatinga, huko Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, alivyoanza kuchora kwa rangi ya baiskeli pasipo kungoja idhini ya chuo chochote, ndivyo na mafundi wa katambuga wa Arusha, wakiwamo wa mtaa wa Kijenge, wanavyotoa kiatu katika tairi lililokwisha kutupwa: fundi huupima unyayo wa mteja, akaukata mpira kwa kisu kilicholoweshwa maji, kisha akazigongomea kanda kwa misumari midogo, na alama za tairi zikabaki bayana chini ya soli. Huu, kwa yakini, ni usanifu kamili. Wafugaji na wachukuzi wa sokoni huzipenda katambuga, kwani miiba haizipenyi kwa urahisi.