Mlango Nyuma ya Pazia: Historia ya Taa ya Dharura

Kila moto mkubwa unapoua watu katika jumba la biashara, methali moja hutangulia mbele ya jeneza: ajali haina kinga. Ni methali ya kuwafariji wafiwa, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini ikishatoka msibani na kuingia ofisini, hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia wenye wajibu. Historia ya ile taa ndogo inayowaka juu ya mlango wa kutokea pindi umeme unapokatika ni ushahidi dhidi ya matumizi hayo. Taa hiyo haikuletwa na huruma ya wenye majumba. Ililetwa na sheria, na sheria zenyewe ziliandikwa baada ya mazishi.

Tuanzie Chicago, Marekani, Desemba 30, 1903. Ukumbi wa maonyesho wa Iroquois ulikuwa na umri wa wiki tano tu, nao ulitangazwa kuwa haushiki moto kabisa. Alasiri hiyo watazamaji wengi walikuwa akina mama na watoto waliokuwa likizo. Taa ya jukwaani ilishika pazia. Pazia jingine la asbesto, lililopaswa kuteremka ili kulitenga jukwaa na watazamaji, lilikwama njiani. Taa za ukumbi zikazimika. Watu walipapasa kuta wakitafuta milango: mingi haikuwa na alama yoyote, mingine ilikuwa imefunikwa kwa mapazia ya urembo, na mingine ilifungwa kwa makomeo ambayo hawakujua kuyafungua. Walikufa watu 602. Jengo lenyewe lilibaki limesimama, kwa hiyo tangazo halikuwa uongo mtupu. Lilisahau tu kwamba ndani ya jengo huwa na watu.

Mtu angetarajia kwamba baada ya Chicago hakuna mfanyabiashara ambaye angethubutu tena kuficha mlango kwa ajili ya urembo. Haikuwa hivyo. Usiku wa Novemba 28, 1942, katika mji wa Boston, klabu iliyoitwa Cocoanut Grove, yaani kichaka cha minazi, ilikuwa imejaa watu wapatao 1,000, ilhali ilikusudiwa kubeba 460. Dari zilifunikwa kwa vitambaa, na pembeni ilisimama minazi ya bandia. Katika baa ya chini mwanga ulipunguzwa kwa makusudi, kwa kuwa giza lilikuwa sehemu ya starehe iliyouzwa pale. Mteja mmoja aliona hata mwanga huo umezidi, akaifungua balbu. Mhudumu mwenye umri wa miaka 16 alitumwa kuirudisha. Kwa kuwa hakuona kitu, aliwasha kiberiti. Muda mfupi baadaye moto ulionekana juu ya mnazi. Uchunguzi rasmi haukumtwika kijana huyo lawama, wala haukuweza kuthibitisha chanzo cha moto.

Kilichothibitika ni hali ya milango. Juu ya ngazi za baa ya chini kulikuwa na mlango wa dharura. Ulikuwa umefungwa imara. Milango mingine ilifichwa nyuma ya mapazia, na mwingine ulifunguka kwa ndani, hivyo msongamano wa watu ukauziba. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, nao ulikwama kwa uzito wa waliousukuma pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kisha taa zikazimika. Walikufa watu 492.

Namwomba msomaji, hasa yule aliyeajiriwa na serikali, azingatie jambo linalofuata. Siku nane kabla ya moto huo, ofisa wa zimamoto wa Boston alikuwa ameikagua klabu ileile na kuandika kwamba hali ni nzuri na milango inatosha. Alishtakiwa, akaachiwa huru. Mmiliki, Barnett Welansky, ambaye usiku wa moto alikuwa amelazwa hospitalini, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na akahukumiwa kifungo cha miaka 12 hadi 15. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya jimbo la Massachusetts iliithibitisha hukumu hiyo, ikisema kwamba mwenye jumba la biashara akipuuza kwa uzembe mkubwa usalama wa wateja wake, kutofanya kwake kunaweza kuwa kosa la jinai sawa na kutenda. Hata hivyo, mwaka 1946 Welansky, akiwa mgonjwa mahututi, aliachiliwa kwa msamaha wa gavana Maurice Tobin. Huyo Tobin ndiye aliyekuwa meya wa Boston klabu ilipoungua.

Ni baada ya msiba huo ndipo taa za dharura na alama za kutokea zilipoanza kusisitizwa kwa nguvu ya sheria katika kumbi na majumba ya starehe ya Marekani, pamoja na kanuni kwamba mlango wa kuzunguka uwe na mlango wa kawaida kando yake.

Lakini taa nayo inahitaji nishati. Februari 26, 1993, bomu lililipuka chini ya majengo ya World Trade Center mjini New York na kuua watu sita. Jenereta za dharura zilishindwa, na maelfu ya watu wakashuka ngazi ndefu katika giza na moshi, wengine kwa saa kadhaa. Baada ya hapo ziliwekwa taa za betri, na ngazi zikapakwa rangi inayong'aa gizani bila kuhitaji umeme. Septemba 11, 2001, karibu wote waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa na ndege walitoka wakiwa hai. Sababu ni kadhaa, ikiwemo kwamba asubuhi hiyo majengo hayakuwa yamejaa. Lakini ngazi zilizoonekana zilichangia. Mwaka 2004 mji huo ulipitisha sheria ya kulazimisha alama zinazong'aa katika ngazi za majengo marefu ya ofisi.

Leo wasanifu wa majengo wana jibu jipya kwa mwenye hoteli anayelalamika kwamba taa za dharura zinaharibu sura ya ukumbi wake: taa inayojificha. Hukaa ndani ya ukuta au dari nyuma ya kifuniko chenye rangi ileile. Umeme ukikatika, kifuniko hufunguka na taa hutokeza. Siipingi. Mlango wa Boston ulijificha saa ulipohitajika, ilhali taa hii hujificha saa isipohitajika. Hiyo ni tofauti ya msingi.

Hata hivyo, uficho huo una gharama yake. Taa inayoonekana ikivunjika, hata mfagizi ataigundua. Iliyofichwa betri yake hufa kimya, na kifuniko hukwama bila shahidi. Ndiyo maana kanuni za usalama za Marekani hudai taa za dharura zijaribiwe kila mwezi kwa angalau sekunde 30, na kila mwaka kwa dakika 90 kamili, na matokeo yaandikwe. Bila daftari hilo, taa iliyofichwa haina tofauti na taa isiyokuwepo.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ipo, na wakaguzi wapo. Lakini mkaguzi wa Boston naye alikuwepo, na karatasi yake ilikuwa safi. Kwa hiyo, mwanafunzi na mwanaharakati, msiishie kuuliza kama jengo limekaguliwa; ulizeni taa zilijaribiwa lini, na nani alikuwepo zilipojaribiwa. Nawe mtumishi wa umma, usisaini kabla hujaomba umeme uzimwe. Sisi wengine tunaweza kufanya ukaguzi wetu wenyewe bila kibali cha mtu: umeme ukikatika tukiwa dukani, ukumbini au ofisini, kabla jenereta haijawashwa, tuinue macho tutazame kama kuna taa yoyote iliyotokeza, na kama inatuonyesha mlango.